Windows, Linux na Mac katika studio moja: faili zikae wapi?

SWALI: Nina studio ndogo hapa Kondele, Kisumu. Tunapiga picha na video za harusi na matanga, na tunachapisha vijitabu vya mazishi. Mapokezi kuna kompyuta ya Windows 11, chumba cha ndani kuna laptopu kuukuu niliyowekewa Linux Mint, na kijana anayehariri video anatumia MacBook yake. Kazi yote inazunguka kwa flashi. Video ya GB 6 inakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 ambayo ni tupu. Diski ya nje tunayotumia kwenye Windows, Mac inaifungua lakini haiwezi kuweka kitu ndani. Juzi tulichapisha wasifu wa marehemu ambao haukuwa umesahihishwa, na familia ikagundua vijitabu vikiwa vimeshagawiwa. Fundi mmoja ananishauri ninunue seva na kuweka Windows kote. Je, ni lazima? Halafu mashine yangu ya fotokopi imeacha kutuma skani kwenye kompyuta tangu niweke hii ya Windows 11.

JIBU: Dada, usinunue seva, na kijana wa Mac mwache na Mac yake. Kompyuta tatu ulizo nazo zinatosha. Lile kosa la wasifu halikuletwa na Linux wala Mac. Kazi ya mteja mmoja asubuhi iko kwenye flashi, mchana iko kwenye kompyuta ya mapokezi, jioni kuna nakala nyingine kwa mhariri, na hakuna anayeweza kuapa ipi ndiyo yenyewe. Ukiweka Windows kote, nakala zitabaki tatu vile vile. Kinachokosekana studioni ni makao mamoja ya faili: kompyuta moja inayoziweka zote, na zile nyingine ziwe zinaijia kusoma na kuandika.

Lakini nianze na flashi, kwa sababu hutaiepuka. Wateja wataendelea kuja nazo mfukoni.

Flashi yako inakataa video ya GB 6 kwa sababu imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa faili uliotoka na toleo la Windows 95 la mwaka 1996. Katika FAT32 ukubwa wa kila faili huandikwa kwa biti 32 tu, na namba kubwa kabisa inayoingia hapo ni baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Flashi inaweza kuwa tupu kabisa na bado faili moja inayovuka hapo isiingie. Dawa ni kuifomati upya kwa exFAT: kwenye Windows bofya kulia juu ya flashi, chagua "Format", kisha exFAT. Kila kilichomo kitafutika, kwa hiyo hamisha kwanza. exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006. Mac inaisoma na kuiandika, na tangu Microsoft ilipoweka maelezo yake hadharani mwaka 2019, Linux nayo imeipokea ndani ya kiini chake. Mint ya miaka ya karibuni itaifungua bila kuongezewa kitu.

Kuna mtego hapo. TV nyingi za zamani husoma FAT32 lakini hazisomi exFAT. Ukiikabidhi familia video ya mazishi kwenye flashi ya exFAT, wakaichomeka kwenye TV ya sebuleni na TV ikasema flashi haina kitu, watarudi kwako wakiamini umewatapeli. Flashi za kukabidhi wateja ziache na FAT32, na mhariri atoe video isiyofika GB 4 au aigawe vipande viwili. exFAT iwe ya matumizi yenu ya ndani. Na kwa aina zote mbili, msichomoe flashi kabla ya kuitoa kwa "Eject". Hazina kumbukumbu ya kurekebisha maandishi yaliyokatika katikati, na ndiyo maana flashi iliyochomolewa haraka mara nyingi hurudi na folda zenye majina ya ajabu.

Diski ya nje nayo bila shaka ni NTFS, mfumo wa Windows. Mac inasoma NTFS ila haiandiki. Linux inasoma na kuandika. Unaweza kuihamisha diski hiyo kwenda exFAT pia, baada ya kunakili kilichomo mahali pengine, na shida ya Mac ikaishia hapo. Mimi ningeiacha kwanza, kwa sababu nina kazi nyingine ya kuipa baadaye.

Sasa tuje kwenye mtandao, na hapa watu wengi, hata mafundi, huchanganya mambo mawili. NTFS, exFAT, FAT32, ext4 ya Linux na APFS ya Mac ni mipangilio ya diski yenyewe. Inahusu tu kompyuta ambayo diski imechomekwa kwake. Ile diski yako ya NTFS, ambayo Mac haiwezi kuiandika ikichomekwa kwenye Mac, ukiichomeka kwenye Windows na Mac ikaifikia kwa njia ya mtandao, Mac itaandika bila tatizo. Ni kama kuagiza samaki hotelini: hukanyagi jikoni wala huulizi sufuria ni ya aina gani, unamwambia mhudumu, analeta. Mac haiigusi diski. Inaiomba Windows iandike, na Windows inaandika kwa mpangilio inaoujua. Kwa hiyo mkishahamia mtandaoni, swali la "mfumo gani wa faili" linawahusu wageni wenye flashi tu. Linalobaki kati ya kompyuta zenu ni lugha ya kuombana.

Lugha hiyo mnayo tayari, na zote tatu zinaizungumza. Inaitwa SMB. Ilianzia IBM miaka ya 1980, Microsoft wakaichukua na kuikuza, ikawa ndiyo njia ya Windows ya kugawana folda na printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Andrew Tridgell, akiwa Canberra, Australia, aliandika programu ya kuifanya kompyuta ya Unix, mfumo ambao Linux ilifuata mtindo wake, izungumze lugha hiyo bila kuwa na Windows ndani. Ndiyo Samba, na mpaka leo ni ya bure. Apple nao, kuanzia OS X Mavericks ya mwaka 2013, waliifanya SMB kuwa njia ya kawaida ya Mac kugawana faili na kuiweka kando ile yao ya AFP. Kuna njia nyingine, kama NFS ya Sun Microsystems ya mwaka 1984, nzuri sana kati ya Linux na Linux. Kwa studio yenye Windows na Mac, isikushughulishe.

Nani awe mwenyeji? Ningechagua ile laptopu ya Mint. Najua ndiyo unayoidharau kuliko zote, lakini kukabidhi faili hakuhitaji nguvu nyingi, na laptopu ina kitu ambacho kompyuta ya mapokezi haina: betri. Stima ikipotea katikati ya kunakili, hata betri inayoshika dakika ishirini inatosha mwenyeji amalize kuandika na azimwe kwa utaratibu. MacBook haifai kwa sababu kijana anarudi nayo nyumbani jioni. Windows ya mapokezi ingeweza, ila ina vikwazo vinavyochosha. Kubwa ni hiki: watu huingia kwenye Windows 11 kwa PIN ya tarakimu nne, na PIN hiyo haifanyi kazi kwa anayeingia kupitia mtandao; inatakiwa nenosiri halisi la akaunti, ambalo mara nyingi mwenye kompyuta alilisahau siku ile ile alipoliweka.

Laptopu ikiwa na diski ndogo, iongezee SSD kubwa ya ndani kabla ya kuendelea. Usiifanye diski ya nje inayoning'inia kwa waya wa USB kuwa makao ya kazi zote. Mtu mmoja akipita na ufagio, studio nzima inasimama.

Kwenye Mint, fungua "Terminal", dirisha la kuandikia amri, na uandike haya, mstari mmoja mmoja (sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo utaulizwa nenosiri lako):

sudo apt install samba wsdd
sudo groupadd studio
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp studio /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi

Umetengeneza kikundi kinachoitwa studio na folda inayoitwa kazi iliyo mali ya kikundi hicho. Ile 2 mwanzoni mwa 2770 usiiache. Ndiyo inayofanya kila faili mpya iwe ya kikundi badala ya kuwa ya aliyeitengeneza pekee. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa watu wanaojaribu haya ni "naiona faili lakini siwezi kuihifadhi", na mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Kisha tengeneza watumiaji. Kila mtu na wake, hata kama mko watatu tu:

sudo adduser mapokezi
sudo usermod -aG studio mapokezi
sudo smbpasswd -a mapokezi

Rudia kwa mhariri. Mtumiaji unayemtumia kwenye Mint yenyewe mwongeze kwenye kikundi kwa ule mstari wa pili, umwandikishe kwa wa tatu, kisha utoke na kuingia tena ili kikundi kimtambue. Mstari wa tatu ndio mafundi wengi huuruka. Samba ina daftari lake la maneno ya siri, tofauti na la Linux. Mtu akiwa hajaandikwa humo, atapiga nenosiri sahihi mpaka kesho na bado atakataliwa.

Mwisho, fungua faili la mipangilio kwa sudo nano /etc/samba/smb.conf. Kwenye sehemu ya juu iliyoandikwa [global] ongeza mstari huu, unaoisaidia Mac kuweka taarifa zake bila vurugu:

vfs objects = catia fruit streams_xattr

Na chini kabisa weka:

[kazi]
path = /srv/kazi
valid users = @studio
force group = studio
read only = no
force create mode = 0660
force directory mode = 2770

Hifadhi, andika testparm uone kama kuna kosa la tahajia, halafu sudo systemctl restart smbd. Kama uliwahi kuwasha ukuta wa usalama wa Mint, ongeza sudo ufw allow samba. Kwenye mipangilio ya umeme ya Mint hakikisha laptopu hailali ukiifunga kifuniko, la sivyo kila anayeisafisha meza ataizima studio.

Ingia kwenye ruta na uipe laptopu hiyo anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.100.20. Ruta nyingi zina ukurasa wa kufungia anwani kwa kifaa fulani. Ukiiacha ruta igawe anwani inavyotaka, siku stima ikirudi baada ya kupotea laptopu inaweza kuamka na anwani nyingine na kila mtu akadhani faili zimepotea.

Kwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.100.20\kazi, ingiza jina mapokezi na nenosiri lake, kisha uifanye kuwa diski yenye herufi, tuseme Z, kwa "Map network drive". Kwa Mac, ndani ya Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.100.20/kazi. Basi. Video ya GB 6 itaingia, maana sasa inakaa kwenye ext4 ya Linux, ambako GB 6 si kitu.

Windows ikikataa, usikimbilie mtandaoni kunakili dawa za kubadilisha Registry, daftari la ndani la mipangilio ya Windows. Ukisoma ujumbe unaosema sera za usalama zinazuia mgeni asiyejitambulisha, maana yake Windows imejaribu kuingia bila jina. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kama mgeni, na imefanya vizuri. Mpe jina na nenosiri. Kama mlishawahi kukosea jina, Windows huenda inalikumbuka lile baya na kulirudia kimya kimya: lifute kwenye "Credential Manager", sehemu ya Windows inayotunza majina na maneno ya siri. Na ukifungua "Network" usiione laptopu, hilo halimaanishi kwamba haipo. Ile wsdd tuliyoisakinisha huweza kuisaidia Windows kuiona, lakini anwani iliyoandikwa kwa mkono hufanya kazi hata pale orodha inapokuwa tupu.

Kabla ya kulaumu kompyuta yoyote, angalia pia kama zote ziko kwenye mtandao mmoja. Ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni ambayo kwa makusudi huzuia vifaa visionane. Hiyo ndiyo ya kuwapa wateja wanaosubiri. Kwenye folda zenu mna nakala za vitambulisho na vyeti vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wenye duka la meza mbili.

Kasi: vuta waya. Video za harusi kupitia Wi-Fi zitawachosha. Angalia tu ruta yako ina matundu ya aina gani. Tundu la megabiti 100 hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde, kwa hiyo video ya GB 6 itachukua kama dakika tisa. La gigabiti hufika karibu MB 110, na kazi ile ile inakwisha ndani ya dakika moja hivi kama diski zina kasi ya kutosha. Kama ruta ni ya megabiti 100, nunua swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na seva uliyotajiwa. MacBook za siku hizi hazina tundu la waya, itahitaji adapta ya USB-C.

Sasa majina ya faili. Mnaweza kupanga yote hayo sawasawa na bado mkaumizwa na majina.

Windows hairuhusu alama hizi katika jina: \ / : * ? " < > |. Linux inazuia mkwaju (/) tu. Kwa hiyo mtu wa chumba cha ndani akiita faili lake Wasifu "Mama" sahihi?.odt, kwake ni jina zuri kabisa, lakini mapokezi wataona kitu kama WMX4T2~7.ODT. Samba imelazimika kubuni jina ambalo Windows italikubali. Faili haijaharibika, ila nani ataitambua saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa, familia imekaa kwenye benchi? Pili, kwa Linux Picha.jpg na picha.jpg ni faili mbili; kwa Windows na kwa Mac nyingi ni jina moja. Zikikaa folda moja, upande wa Windows hutakuwa na uhakika unafungua ipi.

La tatu ni la kwetu hasa. Majina ya watu wa huku yamejaa ng'. Kitone cha juu katika Ng'ong'a kinaruhusiwa kila mahali, kwa hiyo si tatizo chenyewe. Tatizo ni kwamba kuna viwili. Kile kinachotoka kwenye kibodi ni kilichonyooka. Word na iPhone hukigeuza kuwa kilichopinda. Mtu akinakili jina la marehemu kutoka ndani ya Word au kutoka ujumbe wa WhatsApp na kulifanya jina la folda, na mwenzake akaliandika kwa mkono, mtapata folda mbili zinazofanana kwa macho ila kwa kompyuta ni tofauti: mazishi_Ng'ong'a na mazishi_Ng’ong’a. Picha zitaingia moja, wasifu nyingine, na ukitafuta kwa jina utaona nusu ya kazi. Katika majina ya faili kiacheni kabisa, andikeni Ngonga. Ndani ya kijitabu, jina liandikwe kwa heshima yake yote.

Ningewapa mtindo mmoja na kuubandika ukutani: tarehe ikitangulia na mwaka mbele, herufi ndogo, bila nafasi, namba ya toleo mwishoni. 2025-08-16_mazishi_ngonga_wasifu_03.docx. Mwaka ukiwa mbele, kompyuta zote zinapanga kazi kwa mfuatano wa siku zenyewe. Na maneno kama "final", "final2", "final kabisa" yapigwe marufuku.

Mtindo huo peke yake haungeuokoa ule wasifu, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Watu wawili wakifungua faili moja kwa wakati mmoja, Word huweka alama ya kufunga, faili ndogo iliyofichwa inayoanza na ~$. LibreOffice ina yake, inayoanza na .~lock. Hazisomani. Samba huweka kufuli lake kati ya Windows na Mac, lakini anayeketi kwenye Mint yenyewe na kufungua /srv/kazi moja kwa moja hapiti kwa Samba, kwa hiyo kufuli hilo halimzuii. Mapokezi anasahihisha jina la mjukuu, wa ndani anapanga picha, kila mmoja anahifadhi, na wa mwisho anamfuta wa kwanza bila yeyote kuonywa. Kuna njia mbili za kulizuia. Wa Mint naye aingie kupitia mtandao kama wengine, kwa kuandika smb://localhost/kazi kwenye kidhibiti chake cha faili. Na wasifu mmoja uwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akimaliza, anapandisha namba ya toleo.

Muhimu kuliko hayo: tengeneza ndani ya kazi folda inayoitwa KUCHAPISHA, na isiingie kitu humo isipokuwa PDF ambayo familia imeisoma na kuikubali. Printa isipokee kazi kutoka folda nyingine yoyote. PDF inabeba fonti zake ndani, na hilo linakuokoa na ugonjwa mwingine wa kuhama mfumo: kijitabu kilichopangwa kurasa nane kwenye Word kinafunguka kurasa tisa kwenye LibreOffice, kwa sababu Linux haina Calibri wala Cambria na inaweka fonti nyingine mahali pake. Kwenye Mint sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Herufi zake zina upana sawa na za Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari haihami. Word za karibuni huanza na Aptos, na hiyo hamna mbadala wa upana huo katika fonti hizo. Mwambie wa mapokezi abadilishe fonti ya kawaida ya Word iwe Calibri na asahau.

Flashi za wateja zichomekwe kwenye Mint peke yake. Vile virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint haviamki, na folda halisi zilizofichwa kwa kawaida utaziona; zisipoonekana, bonyeza Ctrl na H. Nakili picha na hati tu, kila faili inayoishia na .lnk, .exe au .vbs iache huko huko. Mteja mwenye picha kwenye simu mpe LocalSend, programu ya bure iliyopo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, inayopeleka faili ndani ya Wi-Fi bila kutumia bando. Simu na kompyuta inayopokea lazima ziwe kwenye Wi-Fi moja, na ile ya wageni haitafaa hapo, kwa hiyo muunganishe kwenye yenu mbele yako na umtoe akimaliza. Akikataa, basi atume WhatsApp kama hati, si kama picha, maana picha ya WhatsApp hubanwa na ikikuzwa kwa jalada la kijitabu uso wa marehemu unakuwa ukungu.

Na ile diski ya NTFS niliyosema tuiache? Ndiyo nakala ya akiba. Faili zote zikikaa mahali pamoja, pigo moja linazimaliza, na Windows ya mapokezi ikiingiwa na programu ya kufunga faili kwa fidia, itafunga hadi zilizo kwenye Z. Kila jioni ichomeke kwenye Mint na uandike rsync -rtv /srv/kazi/ ikifuatwa na njia ya folda ya akiba kwenye diski hiyo. Nakili zikikamilika, ichomoe na uende nayo nyumbani. Diski iliyobaki imechomekwa haikukingi na fidia wala na mwizi. Mint ina Timeshift, na watu wengi huiamini kwa kazi hii, lakini Timeshift imetengenezwa kurudisha mfumo, si kutunza hati na video zako.

Fotokopi sasa. Mashine nyingi za mtumba zinazokuja kutoka Ulaya hutuma skani kwa SMB1, toleo la kwanza la ile lugha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa SMB1 na kusimamisha hata hospitali za Uingereza, na kuanzia toleo la Windows 10 la mwishoni mwa mwaka huo, Microsoft wakaacha kuisakinisha. Samba nayo iliizima mwaka 2019. Kwa hiyo mashine yako haijaharibika. Imebaki ikizungumza na kompyuta ambayo haimjibu tena. Atakayekuambia uiwashe SMB1 kwenye Windows 11, mkatalie. Angalia kwenye menyu ya mashine kama kuna FTP, njia nyingine ya zamani ya kutuma faili kwenye mtandao, maana nyingi za aina hiyo zinayo. Kwenye Mint sakinisha vsftpd, programu ya kupokea faili za FTP, ndani ya /etc/vsftpd.conf ondoa alama ya # mbele ya write_enable=YES, uianzishe upya kwa sudo systemctl restart vsftpd, na tengeneza mtumiaji anayeitwa skana ambaye hayumo kwenye kikundi cha studio. FTP haifichi nenosiri, kwa hiyo lake lisifanane na la mtu yeyote. Kwenye mashine weka anwani ile ile, 192.168.100.20, bandari 21. Skani zitatua kwenye folda ya skana, na wa chumba cha ndani atazihamishia kwenye kazi kwa amri ya sudo na kukipa kikundi cha studio ruhusa ya kuzifungua. Kama mashine haina FTP lakini ina tundu la USB, flashi moja ya FAT32 ikae hapo hapo kwenye mashine na isitoke studioni. Skani hazifiki GB 4.